Msiseme ni ajali: nani alitoa kifuniko cha meleze?

Beni, Kivu ya Kaskazini. Wiki iliyopita kijana mmoja wa miaka 19 alifika kwenye mlango wa radio yetu, mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko. Nilidhani ameleta tangazo la msiba ao la karatasi zilizopotea, kama wengi wanavyofanya asubuhi. Hapana. Alikuja kuuliza kama radio inaweza kumtangazia kwamba anatafuta kazi ya mkono mmoja.

Jina lake sitalitaja, na ateliye alimofanya kazi sitaitaja pia. Yeye mwenyewe aliniomba hivyo: patroni bado hajamlipa mwezi mmoja na nusu, na jina likitoka hewani, pesa hiyo imekufa. Familia yake ilikimbia kutoka upande wa Mbau. Baba hayupo tena. Mama na wadogo zake wanne wanalala katika chumba kimoja, kwa familia iliyowapokea hapa mjini, na yeye ndiye aliyekuwa ananunua unga. Leo vidole viwili vya mkono huo havipo, na cha tatu hakikunji.

Nilimuuliza ilikuwaje. Akainama.

"Yaya, ni ajali tu. Mashine ilinirukia."

Ni neno hilo, "ajali tu", ndilo limenikalisha chini kuandika. Maana nilipoendelea kumuuliza pole pole, mambo mengine yalitoka. Ile mashine ilikuwa meleze, mashine ndogo ya mkono ya kukata na kusugua chuma, ile yenye diski inayozunguka mbele. Siku ile hakuwa anakata chuma. Alikuwa anapasua mbao za kitanda. Diski ya chuma ilikuwa imetolewa na mahali pake pamefungwa diski ya msumeno yenye meno. Kifuniko cha diski hakikuwapo. Mshikio wa pembeni haukuwapo. Kitufe cha kuwashia kilikuwa kimefungwa na ukanda wa mpira wa tairi, ili kisijizime kidole kinapochoka. Mkono wa kuume ulishika mashine, wa kushoto ulishika ubao, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuubana ubao juu ya meza.

Haya, ndugu msomaji, hesabu wewe mwenyewe. Kifuniko kilitolewa na mtu. Mshikio uliwekwa kando na mtu. Mpira ulifungwa na mtu. Diski ya meno ilinunuliwa sokoni na mtu aliyejua inakwenda kwenye mashine gani. Mvua ikiangusha mti juu ya nyumba usiku, nitasema ajali. Hii hapa ina fundi wake.

Wengine mtaniambia kwamba katika mji huu tuna mambo makubwa zaidi ya kulalamikia. Kweli, tunayo, na ninayasoma kwenye habari kila siku. Lakini hawa watoto waliponyoka panga na risasi huko vijijini. Wakafika hapa wazima. Halafu tunawakata sisi wenyewe, katikati ya mji, mchana, ndani ya ateliye yenye bango mbele.

Tuseme vizuri meleze ni kitu gani, maana wengi wanaishika kama vile wanashika nyundo. Meleze ndogo, ya diski ya milimita 115 ao 125, inazungusha diski kama mara 11 000 kwa dakika moja. Kwa sekunde moja ni zaidi ya mara 180. Mutu akiguswa na kitu hicho, hana muda wa kuvuta mkono. Kidole kimekwisha kwenda mbele akili haijapata habari.

Diski ya kukatia chuma haina meno. Ni chembe ngumu zilizoshikanishwa na gundi, zinakula chuma kidogo kidogo. Msumeno una meno, na meno yanauma. Yakikuta fundo ndani ya ubao, ao msumari wa zamani, ao ubao ukibana diski pande mbili, nguvu yote ya mota inakosa pa kwenda na mashine nzima inarudi nyuma kwa yule anayeishika. Msumeno wa umeme wa kupasua mbao umetengenezwa kwa kazi hiyo: una bati pana linalolala juu ya ubao, una kifuniko kinachojifunga chenyewe, na unashikwa kwa mikono miwili. Meleze haina bati hilo wala kifuniko cha kujifunga chenyewe. Watengenezaji wengi wa meleze wanaandika wazi ndani ya kitabu chao kwamba diski ya msumeno wa mbao isifungwe humo. Kitabu hicho hapa kwetu kinawashia makaa ya asubuhi.

Niliwaendea mapatroni watatu kuwauliza. Sikuwaendea kama polisi, wananijua, wananisikiliza jioni. Wa kwanza aliniambia:

"Ile kifuniko iko inasumbua. Hauwezi ona fasi unakata."

Mzee, kwa heshima yote: kifuniko kinalegezwa na kuzungushwa. Unakigeuza mpaka kikae kati ya diski na mwili wako, halafu unakikaza. Upande wa kazi unabaki wazi. Anayesema hakioneshi pa kukata hajawahi kukizungusha hata siku moja, alikitoa siku alipofungua karatoni.

Wa pili alisema miwani inaleta jasho, halafu inakwaruzika, halafu watoto wanaipoteza. Nilimuuliza ana wafanyakazi wangapi. Sita. Miwani ngapi? Moja, na ilikuwa juu ya paji la uso wake mwenyewe, ambaye hakuwa anakata kitu. Hilo niliandika kwenye kijitabu changu na sikusema neno.

Wa tatu ndiye alinipa jibu la kweli, na ninamshukuru: "Mwanahabari, mteja anataka mlango kesho, na anataka kwa bei ya mwaka juzi." Ni kweli. Tangu watu waanze kuogopa usiku, kila mwenye uwezo anataka mlango wa chuma na madirisha yenye vyuma. Kazi ipo nyingi, muda haupo. Wewe unayepita ateliye mara tatu kwa siku kuuliza "bado?", na unayemwambia patroni kwamba jirani yake anafanya kwa bei ya chini, umo pia katika hesabu hii. Lakini patroni, haraka ya mteja haiondoi kifuniko. Kuna bisibisi na mkono wako.

Sasa kuna tabia moja ambayo nimeiona karibu kila mahali nilipopita, na hii ndiyo inanitisha kuliko zote. Ateliye inakuwa na meleze kubwa, ya diski ya milimita 230, na meleze ndogo. Diski kubwa ikila mpaka ikawa ndogo, haitupwi. Inahamishiwa kwenye meleze ndogo, kwa sababu tundu la katikati ni moja. Ila bado ni pana kuliko kifuniko cha ile ndogo. Kwa hiyo kifuniko kinatolewa ili iingie. Mafundi wanaona ni akili ya kuokoa pesa.

Soma maandiko ya diski yenyewe. Kwenye diski ya 230 imeandikwa isizidi kama mara 6 600 kwa dakika. Umeifunga kwenye mashine inayozunguka 11 000. Diski hizi zimetengenezwa kwa mwendo wa mwisho wa meta 80 kwa sekunde pale kwenye ukingo, ni kama kilometa 288 kwa saa. Hakuna gari inayokimbia hivyo kwenye barabara ya Kasindi, hata zile za wafanyabiashara wanaokimbilia mpaka kabla haujafungwa. Chukua diski kubwa iliyobaki na upana wa milimita 180, iweke kwenye meleze ndogo: ukingo wake unapita meta 100 kwa sekunde. Gundi haikutengenezwa kwa hilo. Siku itakapoachia, vipande vinatoka kwa mwendo ule ule, na kifuniko ambacho kingevizuia kiko chini ya meza pamoja na mikebe ya rangi.

Na diski inazeeka, hata kama haijatumiwa. Angalieni ile pete ya chuma katikati: kwenye diski nyingi kumeandikwa mwezi na mwaka. Ni mwisho wake, kwa kawaida haizidi miaka mitatu tangu ilipotengenezwa. Unyevu unaiharibu mbele ya wakati, na hapa kwetu mvua mnaijua. Diski iliyolala chini kwenye udongo, iliyolowa, iliyodondoka kutoka juu ya meza, ikanyagwe na kuvunjwa ili mtoto asiiokote na kuirudisha. Diski ndogo haifiki bei ya kuku. Patroni anayesema ni ghali, nimemuona Jumapili mbele ya mishikaki.

Diski nyembamba ni ya kukata tu. Usisugue nayo kwa ubavu, inavunjika. Ya kusugua ni ile nene. Ukiifunga diski mpya, simama kando, elekeza mashine mahali pasipo mutu, iache izunguke bila kazi dakika moja. Kama ina ufa, ni bora ufa huo ujioneshe hapo. Mikono miwili kila wakati, mshikio wa pembeni mahali pake, na kazi ibanwe juu ya meza, isishikwe na mguu. Ndiyo, nimeona mguu, tena katika sandali.

Sasa ule mpira wa tairi. Hapa mjini umeme unakatika na kurudi bila kubisha hodi, na wa jenereta nao unapanda na kushuka. Fundi anakata, umeme unakwenda, anaweka meleze chini, anakwenda kunywa chai. Kitufe kimefungwa na mpira. Umeme unarudi. Meleze inaanza kuzunguka peke yake sakafuni na kurukaruka kama kuku aliyechinjwa, na karibu yake kuna nani? Wengi wenu mnaosoma mmepanga chumba ndani ya kiwanja chenye ateliye, kwa sababu huko kodi ni nafuu. Watoto wanacheza hapo hapo, wanakusanya vipande vya vyuma. Nimeona kijana akikata chuma na cheche zikifika mpaka kwenye bidoni za petroli za Kadhafi mmoja aliyepanga biashara yake kwenye ukuta ule ule.

Kwa hiyo: kitufe hakifungwi. Kama kimekufa, kinanunuliwa kingine, na mpaka kipatikane, mashine inalala. Umeme ukikatika, ondoa plagi kwanza. Kabla ya kubadili diski, ondoa plagi. Kuzima haitoshi. Nimehesabu vijana waliobadili diski mbele yangu siku ile: wanne. Walioondoa plagi: hakuna.

Juu ya kutunza mashine nitasema kidogo tu, maana mafundi wazuri wanajua kuliko mimi. Unga wa chuma unaingia kwenye matundu ya hewa, unakaa ndani ya mota, na unga huo unapitisha umeme mpaka kwenye mwili wa mashine. Jioni plagi ikiwa nje, matundu yapigwe brashi na kupulizwa. Cheche nyingi ndani ya mota na harufu ya kuungua ni makaa ya mota yamekwisha. Yanabadilishwa yote mawili pamoja, si moja. Waya uliokatika na kuunganishwa na kipande cha sasheti ni kifo kinachongoja mvua. Na usibebe mashine kwa kuvuta waya wake, kama mbuzi wa soko.

Mavazi: miwani kwa kila anayekata na kwa kila anayesimama karibu. Hakuna mikono ya shati inayoning'inia, hakuna kilemba chenye ncha nje, hakuna mnyororo shingoni. Wasichana walioingia kazi hii siku hizi, nanyi pia, nywele zifungwe ndani. Glovu ya ngozi inayobana inasaidia kwenye meleze. Kwenye mashine ya kutoboa usiivae, inashikwa na kujizungusha pamoja na mkono.

Nimewasema mapatroni na wateja. Haitakuwa haki nikinyamaza juu ya wengine, na juu yangu.

Wakati mmoja nilialikwa kwenye sherehe ya shirika moja la misaada. Vijana waliohama vita walikuwa wamemaliza mafunzo ya miezi michache na walikuwa wanapewa vifaa vya kuanzia kazi. Kulikuwa na bango, kulikuwa na tisheti, kulikuwa na hotuba tatu na soda. Kila kijana aliitwa, akapewa mikono, akapigwa picha na sanduku lake. Mimi nilirekodi. Nilitoa habari ya dakika tatu, sauti nzuri, mama mmoja akilia kwa furaha. Sikufungua hata sanduku moja. Sikuuliza kama ndani mna miwani. Sikuuliza kama waliwafundisha kubadili diski ao waliwafundisha tu kupiga picha nayo.

Baada ya kijana huyu wa Mbau kuja radio, nilimtafuta mmoja wa wale wa sherehe. Alinionesha sanduku lake. Meleze, diski mbili, nyundo, koleo, mita. Miwani hakuna. Kifuniko kilikuwamo ndani ya karatoni, hakijafungwa kamwe, na bado kimefunikwa na plastiki yake. Nikamuuliza ni kwa nini. "Hatukuoneshwaka ile ni ya nini," akaniambia. Alifikiri ni kipuri.

Enyi wenye miradi, ninyi mnaokuja na magari yenye antena: mkimpa kijana aliyekimbia vita mashine inayozunguka mara 11 000 na hamkumpa miwani, hamkumpa kazi. Mmempa deni. Bei ya miwani sita haifiki bei ya bango lenu. Mara nyingine mkitualika waandishi wa habari, mimi nitafungua sanduku mbele ya kipaza sauti. Nimekwisha kumwambia mkuu wangu wa kazi, na amekubali.

Sheria ipo pia, watu wasidanganywe kwamba kazi ya ateliye haina sheria. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwenye kuajiri achunge afya na usalama wa wanaomfanyia kazi. Aliye chini ya miaka 18 hapewi kazi ya hatari, na mimi nimeona wa miaka 14 wameshika meleze, wanaitwa "wanafunzi". Mfuko wa CNSS una sehemu yake kwa ajili ya ajali za kazi, lakini mfanyakazi asiyeandikishwa na patroni wake anaingia pale na mlango gani? Huyu kijana hajaandikishwa popote. Dawa zake za kwanza zililipwa na wachoraji wa bango la jirani waliochangisha pesa. Patroni alileta kilo mbili za sukari.

Kwa familia, jambo moja la haraka, kwa sababu nimesikia mengi. Mkono ukikatwa, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, uinue mkono juu, na kwenda kituo cha afya bila kuachia. Usiweke unga wa kahawa, usiweke udongo, usiweke petroli. Kipande cha chuma kikiingia jichoni, usisugue, usijaribu kukitoa kwa ncha ya nguo, usitie maziwa ya mama wala dawa iliyobaki ya mtoto. Funika jicho bila kulikandamiza na muende siku ile ile. Kesho ni mbali kwa jicho.

Na ninyi mama na baba mliopokea watoto wa wengine nyumbani kwenu: kijana akirudi jioni akisema amepata kazi ateliye fulani, fika huko siku moja. Huhitaji kujua ufundi. Angalia mambo matatu: kifuniko juu ya diski, miwani machoni, mpira juu ya kitufe. Patroni atakasirika. Mwache akasirike. Mmoja aliniuliza mimi ni nani wa kumfundisha kazi yake ya miaka 20, akanionesha mikono yake kama ushahidi. Niliiangalia. Kidole cha pili cha kuume kilikuwa kifupi.

Kijana wa Mbau tangazo lake tulilisoma bila malipo, asubuhi na jioni, siku tano. Mpaka ninapoandika, simu moja tu ndiyo imeingia: mama mwenye duka anayetaka mlinzi wa usiku, na aliposikia habari ya vidole alisema atafikiri. Juzi nilipita mbele ya ile ateliye. Kijana mwingine alikuwa ameinama juu ya ubao na meleze ile ile, ukanda wa mpira uko pale pale.

Patroni yeyote anayeona nimemuonea, studio iko wazi siku yoyote baada ya saa kumi. Aje na meleze yake, kama ilivyo, asiisafishe, tuiangalie pamoja hewani.